Obeline wa Pili

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, shangazi yangu Obeline Pelletier alifungua daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mlango wa nyuma wa kituo cha mpakani, akaandika jina lake, akasoma alichoandika, kisha akapiga mstari mfupi chini yake. Aliandika: O. Pelletier. Herufi moja, nukta, na jina la marehemu mumewe. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuandika zaidi ya hapo, wala hakuna aliyemtaka aandike zaidi.

Akishaweka kalamu chini alijaza ndoo. Kazi ya kwanza ilikuwa kioo cha dirisha ambalo maofisa hupokelea pasipoti za watu wanaovuka daraja kutoka Kanada. Alikifuta kwa gazeti na siki, kuanzia juu kushuka chini. "Ukianzia chini," alisema, "unafuta mara mbili." Baadaye ndipo lilipokuja dekio, vyoo, na chumba cha maofisa chenye makombo ya donati chini ya kila kiti.

Yeye mwenyewe hakuwa na pasipoti. Zamani, sisi wa mji wa Saint-Ovide tulivuka mto kwenda kwa ndugu zetu kwa kupunga mkono tu. Ilipoamriwa kwamba kila mtu awe na hati, Shangazi alisema hatakwenda kupigwa picha ili akamwone dada yake, na kwamba dada yake ana miguu. Tangu hapo Shangazi Laurette ndiye anayevuka kuja kwetu. Obeline alikuwa akifanya kazi mita mia moja kutoka nchi nyingine bila kuikanyaga.

Tangazo lilibandikwa mwishoni mwa Februari, juu ya ndoano za makoti. Kuanzia tarehe saba Mei, kila mtu asiye mwajiriwa wa serikali kuu atakayeingia vyumba vya ndani vya jengo lile alitakiwa kuonyesha leseni ya udereva yenye nyota. Shangazi alikuwa ameajiriwa na kampuni ya usafi. Alilisoma tangazo mara tatu akiwa ameshika ndoo, kisha akamwita msimamizi, Bwana Wendell, mtu mrefu wa kusini mwa jimbo aliyezoea kuinamisha kichwa hata mahali pasipo na mlango.

"Hii nyota ni ya nini?"

"Ni alama tu, Bi Pelletier, pembeni ya leseni. Inaonyesha kwamba leseni imefuata kipimo cha serikali kuu. Unapeleka karatasi zako, unalipa dola hamsini na tano badala ya thelathini, wanakupiga picha mbaya, basi."

"Picha mbaya ninayo tayari. Hiyo nitawapa bure."

Alicheka, naye Wendell akacheka. Lakini jioni ile Shangazi alikuja maktaba ninakofanya kazi akiwa amevaa viatu vya nyumbani, katika theluji, na hakuwa amegundua.

Sheria yenyewe si mpya. Serikali kuu iliipitisha nilipokuwa mtoto wa shule, na jimbo letu lilikuwa la kwanza kuikataa. Wabunge wetu walisema itatugharimu mamilioni ya dola, na baba yangu aliwasifu kwa hilo kila uchaguzi ulipokuja. Miaka ikapita, jimbo likakubali. Likanunua mitambo, likafundisha makarani. Sehemu ya gharama ambayo haikuwa katika hesabu za mtu yeyote ikatufikia sisi wenyewe mmoja mmoja, ndani ya mikebe ya biskuti tunamohifadhi karatasi za wazazi wetu.

"Nikikosa nyota," Shangazi aliniambia, "nakosa kazi. Nikikosa kazi, sina mafuta ya kupashia nyumba joto. Baridi hii nimeshafunga vyumba viwili. Nifunge na kipi tena? Watanipeleka kule kwenye vyumba vya wazee, nichezeshwe bahati nasibu mpaka nife."

"Ni karatasi tu, Shangazi."

"Wewe wa vitabu, kwako kila kitu ni karatasi tu."

Ofisi ya leseni iko mwendo wa saa moja na nusu kusini. Aliendesha mwenyewe, polepole, katikati ya mashamba ya viazi yaliyolala chini ya theluji, nami nimepakata mkebe wake wa karatasi. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akimung'unya peremende ya mnanaa.

"Cheti cha kuzaliwa, mama?"

Shangazi alimsogezea cheti chake cha ubatizo, nakala iliyopigwa mhuri mwaka 1965.

"Hiki ni cha kanisa."

"Ndiyo. Ndiko nilikobatizwa."

"Nahitaji cha serikali. Halafu hapa pameandikwa Marie. Marie ni nani?"

"Mimi."

"Na Obeline?"

"Mimi pia."

"Leseni yako haina Marie."

"Mwanangu, leseni ya nani ina Marie? Sote ni Marie."

"Sote kina nani?"

"Wanawake," alisema Shangazi, akageuka kutazama foleni kama anayetafuta mashahidi.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Kila mtoto wa kike alibatizwa Marie na kila wa kiume Joseph, kisha jina hilo likahifadhiwa kama nguo ya kuzikia na mtoto akaitwa kwa jina la mwisho. Ukisimama mlangoni mwa kanisa letu ukaita "Marie!", ama watageuka wanawake wote, ama hatageuka hata mmoja.

Nyuma yetu mzee mmoja mwenye koti la kazi alisema bila kuulizwa, "Hata mke wangu ni Marie. Na mimi ni Joseph, kama unataka kuniandika kabisa."

Watu wakacheka. Karani naye akacheka, akaturudishia mkebe. Marie na jina la ndoa, alisema, angeweza kuyamaliza. Alichohitaji ni cheti cha serikali tu, tuandike barua makao makuu ya jimbo, wangetuletea.

Ndani ya gari Shangazi hakuwasha moto. Alikaa ameshika ufunguo.

"Na kama hawana?"

"Hawana nini?"

"Hawana mimi."

Niliona ni mzaha. Niliandika barua siku ileile kwa anwani ya maktaba, na majibu yakachukua wiki tano. Kila alasiri alipitia maktaba akasimama mbele ya meza yangu bila kuuliza, akitazama mikono yangu. Wendell aliniambia baadaye kwamba katika siku zile Shangazi alianza kuliandika jina lake daftarini, kulifuta, na kuliandika tena.

Bahasha ilifika tarehe kumi Aprili. Niliifungua kabla hajaja, na nikatabasamu peke yangu. Marie Obeline Ouellette, wa kike. Baba, Leonidas Ouellette, mkulima. Mama, Exilda. Kila kitu kilikuwepo. Kosa lilikuwa tarehe tu: cheti kilisema tarehe kumi na moja Februari 1947, ilhali karatasi zake zote nyingine zilisema tarehe tatu Machi 1949.

"Wamekuongezea miaka miwili, Shangazi," nilimwambia alipoingia. "Hilo tutalirekebisha."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

Alivua glavu, kidole kimoja baada ya kingine, akaziweka juu ya meza yangu. "Huyu si mimi," alisema. "Huyu ni yule wa kwanza."

Sikuwa nimewahi kusikia habari za wa kwanza. Alinieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, kwa sababu maktabani mlikuwa na mtu akisoma magazeti. Kabla yake alizaliwa msichana mwingine, akabatizwa Marie Obeline, akaishi miezi saba, akafa kwa kifaduro. Yeye alipozaliwa alipewa jina lile ili lisipotee. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Mtoto alirithi jina kama alivyorithi kitanda.

Nilipiga simu makao makuu kuuliza cha mwaka 1949. Walitafuta kwa Ouellette, wakatafuta kwa Marie, wakatafuta kwa mji. Hakikuwepo. Kwa serikali, Leonidas na Exilda walikuwa na Obeline mmoja tu, na hakuna aliyekuwa ameandika kwamba alikufa.

Jumatatu iliyofuata, tarehe kumi na nne, nilimpigia karani wa leseni. Nilimwambia tarehe hazilingani. Sikumwambia kwa nini.

"Ah, hilo hutokea kila siku kwa wazee wa kwenu huko juu," alisema. "Tarehe zilichanganyikana. Aende na cheti hicho ofisi ya pensheni wamrekebishie tarehe, ifuate cheti, kisha aje kwangu. Siku kumi, sanasana kumi na mbili."

"Na mtu ambaye hana cheti kabisa?"

"Huyo aombe kuandikishwa kama aliyechelewa. Atahitaji ushahidi wa zamani, na mtu mzima aliyekuwepo alipozaliwa, kama bado yu hai. Miezi mitatu, pengine minne. Lakini mama yako anacho cheti, siyo?"

"Ni shangazi yangu," nilisema, nikashukuru, nikakata simu.

Hadi tarehe saba Mei zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani, kisha nikahesabu tena kwa vidole. Nilichukua fomu ya kurekebisha tarehe, nikaijaza yote kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika 1947 pale palipotakiwa mwaka, nikampelekea Shangazi nyumbani. Nilibakiza mstari wa sahihi tu. Nilimpelekea vilevile fomu ya waliochelewa pamoja na bahasha yake, lakini hiyo sikuijaza.

"Weka hapo," alisema. Niliziweka chini ya bakuli la sukari.

Zilikaa hapo siku sita. Alikula mezani pale asubuhi na jioni, na kila mara aliinua bakuli, akachota sukari, akalirudisha palepale. Nilikuwa nikilala kwake wiki ile kwa sababu alikuwa ameanza kusahau kufunga jiko la kuni. Nilimsikia akisema tarehe mbili zile jikoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu viatu. Siku moja nilimkuta ameshika kalamu. Aliponiona aliandika orodha ya sokoni.

Sikumwambia asaini. Lakini kila nilipopita niliinyoosha fomu ile ili mstari wa sahihi uwe upande wake.

Jumapili ya Pasaka Shangazi Laurette alivuka daraja na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, akiwa na miaka themanini na minne na midomo aliyoipaka rangi nyekundu. Mto ulikuwa umeanza kuvunja barafu. Mabonge yalisikika yakigongana hadi jikoni. Obeline alikuwa akigeuza ploye, chapati zetu za ngano nyeusi, ambazo hupikwa upande mmoja tu, na siku ile alizigeuza zote. Laurette alizitazama, akatazama na uso wa mdogo wake.

"Nasikia umezeeka miaka miwili kwa wiki moja. Kawaida yako huchukua wiki mbili."

"Kula."

"Nitakula. Iko wapi hiyo karatasi?"

Alivaa miwani, akaisoma fomu, akaisukuma mbele ya Obeline pamoja na kalamu.

"Tia sahihi. Jina ni lako. Baba ni wako. Mama ni wako. Nani atakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Tarehe si yangu."

"Tarehe! Mama alikuvisha nguo za yule, akakulaza kitanda cha yule, akakuita jina la yule. Hata kofia yake ya ubatizo ulivaa, nilikufunga kamba mwenyewe. Leo tarehe ndiyo inakukaba kooni? Maiti hahitaji leseni, Obeline. Haendeshi."

Nilijifanya naosha vyombo.

"Alikufa saa ngapi?" Obeline aliuliza.

Laurette alivua miwani. "Kwa nini?"

"Sijui chochote juu yake. Nauliza."

"Asubuhi. Ulikuwa msimu wa kuvuna viazi, Mama na Baba walikuwa shambani. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikaachiwa nimlee. Alikohoa, kisha akaacha kukohoa. Nikadhani amelala." Akaufuta mdomo kwa leso ingawa hakuwa amekula, na rangi ikaenea hadi shavuni. "Nilimbembeleza mpaka Mama aliporudi. Nilikuwa namwimbia."

Barafu iligonga mtoni. Obeline alizima jiko la kupikia.

"Na kaburi lake?"

"Msalaba wa mbao. Mto ulipofurika mwaka ule ukauchukua, pamoja na mingine. Baba alisema ataweka mwingine."

"Hakuweka."

"Hakuweka."

"Na mimi? Kwa nini mimi hakuniandikisha?"

Laurette alicheka kidogo, bila furaha. "Hilo nalijua, maana nilikuwepo. Tulitoka kanisani kukubatiza, kwa kigari cha theluji cha farasi. Tukapita mbele ya nyumba ya karani wa mji. Nikamwambia, Baba, hatusimami? Karani wa wakati ule alikuwa haongei Kifaransa kama sisi, na Baba alikuwa anamwogopa, ingawa asingekubali kusema. Akaniambia, 'Tusimame kwa nini? Obeline Ouellette yumo kitabuni. Tumeshamwandika. Tukimwandika tena watadhani tunao wawili.'"

"Na tulikuwa wawili," alisema Obeline.

Aliichukua fomu niliyoijaza, akaikunja mara mbili, akafungua mlango wa jiko la kuni, akaitia ndani. Nikaona mwandiko wangu ukijikunja kwenye moto. Kisha akaisogeza ile nyingine, tupu, hadi kwenye kona ya meza nilipokuwa.

"Solange, mwanangu, nijazie hii."

"Utapoteza kazi!" Laurette alisimama. "Unajua? Miezi mitatu, wamesema. Kazi haitakungoja, na nyumba nayo haitakungoja!"

"Nyumba ina jiko la kuni."

"Una miaka sabini na sita!"

"Ndiyo," alisema Obeline. "Sabini na sita. Si sabini na minane."

Laurette alikaa. Aliangalia ploye zilizopoa, akachukua moja, akaipaka siagi, akaila yote kwa hasira. Halafu akaomba kalamu. Fomu ilihitaji maneno ya shahidi, naye ndiye aliyekuwa amebaki. Alipoandika nilisimama nyuma yake ili nisome kama amejaza sehemu inayotakiwa. Aliandika: *Nilikuwepo. Nilishika taa. Alizaliwa usiku wa tarehe tatu Machi 1949, akalia sana. Ni dada yangu wa pili kwa jina hili.* Sehemu ya sahihi akatia Marie Laurette, yote mawili, kwa mara ya kwanza niliyowahi kuona.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa padri. Alinifungulia kitabu cha ubatizo, na Obeline wawili walikuwa humo, kurasa chache tu katikati yao, kwa mwandiko wa padri yuleyule. Shuleni nilipata daftari la mahudhurio la mwaka 1956. Tuliweka vyote katika bahasha moja. Shangazi aliibusu kabla ya kuitia kwenye sanduku la posta, kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona.

Baada ya hapo kulikuwa na kungoja tu. Alimweleza Wendell yote. Wendell aliandika barua kwa wakubwa wake akiomba Shangazi asamehewe kwa muda. Akaandika nyingine. Kampuni ya usafi ilisema itashika nafasi yake wiki mbili, si zaidi, kwa kuwa vyoo haviwezi kungoja barua. Shangazi alianza kuamka saa tisa badala ya saa kumi, kwa woga wa kuchelewa mahali ambapo hakuwahi kuchelewa. Alikonda. Aliweka leseni yake ya zamani mfukoni mwa aproni na kuigusa kila dakika, ingawa alijua haina nyota, kama ulimi unavyogusa jino bovu.

Tarehe saba Mei nilimsindikiza. Kulikuwa na ukungu juu ya mto na mwanga umeanza. Wendell alikuwa amesimama nje ya mlango wa nyuma bila koti.

"Bi Pelletier," alisema.

"Najua."

"Ningekuwa na uwezo..."

"Najua, Bwana Wendell. Usiiname, utaumia shingo. Daftari liko wapi?"

"Ndani."

"Nitolee."

Alitoa kisu mfukoni, akakata uzi, akamletea daftari nje. Shangazi aliliweka juu ya ukuta mfupi, akaandika. Hakuandika O. Pelletier. Aliandika Marie Obeline Ouellette Pelletier, herufi moja moja, na nafasi ya mstari haikumtosha, akapanda hadi ukingoni. Akapiga mstari chini yake. Kisha akampa funguo.

"Mwambie atakayekuja, kioo aanzie juu."

Wiki mbili zilipita, kampuni ikachukua mwanamke kutoka upande wa pili wa wilaya. Nasikia anafanya kazi vizuri. Shangazi alipata asubuhi tatu kwa wiki kwenye jiko la vyumba vya wazee, mahali palepale alipopaogopa. Anamenya viazi na kuwasikiliza wakiita namba za bahati nasibu. Mshahara ni chini ya nusu ya ule wa zamani. Ghorofa ya juu ameifunga, kitanda amekiteremsha jikoni karibu na jiko, na kuni za nusu ya majira ya baridi ziko ukumbini. Nusu nyingine hajui itatoka wapi, wala mimi sijui, na sasa hivi ni mwezi wa nane, majani ya viazi yameanza kugeuka rangi.

Cheti chake kilifika katikati ya Julai. Marie Obeline Ouellette, tarehe tatu Machi 1949, na pembeni mhuri unaosema ameandikishwa kwa kuchelewa. Tulirudi kwa karani yule wa mnanaa. Aliangalia cheti, akaangalia tarehe, akamwangalia Shangazi.

"Kwa hiyo kile cha kwanza hakikuwa kosa."

"Hapana," alisema Shangazi. "Hakikuwa kosa."

Jana alikuja maktaba na leseni mpya. Nyota ni ndogo kuliko nilivyofikiri, na picha ni mbaya kama alivyoahidiwa. Hakunionyesha kwa muda mrefu. Alichotaka ni nimtolee kopi ya kile cheti cha 1947, nikikuze, kwenye karatasi nzito. Nilitoa kopi, nikaitia kwenye fremu aliyokuja nayo, fremu ya bei ndogo ya picha ya harusi. Alikifuta kioo chake kwa kiganja cha mkono, kuanzia juu.

Mimi si mtu wa kuuliza maswali. Karibu miezi minne nilikuwa nalo hili moja, kwa sababu ni mimi niliyeandika 1947 kwa mwandiko mzuri, na ningeiandika tena. Nilimwuliza: Shangazi, kwa nini hukukichukua tu?

"Yeye alikuwa na karatasi hiyo moja," alisema. "Mimi nimepata miaka yote hii."